Kitimoto kwenye Maikrowevu

Aliyewahi kulala Dar es Salaam mwezi Februari bila feni hahitaji kuelezwa joto. Kaskazi inavuma, lakini imebeba unyevu wa bahari. Mchana kipimajoto kinasoma nyuzi 32 na mwili unahisi zaidi. Saa moja ya usiku kuta bado zinatoa joto lililomezwa tangu asubuhi. Kuwasha jiko la mkaa kwenye nyumba ya chumba na sebule saa hiyo ni kujitafutia adhabu, na hata jiko la gesi, pamoja na usafi wake, linaufanya usiku uwe mrefu.

Hapo ndipo linapoibuka swali ambalo watu huliuliza huku wakicheka, kisha wakaligombania kwa dhati. Je, nyama ya nguruwe, yaani kitimoto, inaweza kupikwa kwenye maikrowevu, upesi, ikaliwa vuguvugu au ya baridi pamoja na kachumbari, mtu akalala bila kunuka moshi? Wapo wanaopika hivyo na hawaoni ajabu. Wapo wanaoona ni dharau kwa kitimoto. Na wapo wasioila kabisa nyama hiyo, ila wana lao la kusema kwa sababu maikrowevu yenyewe ni ya wote.

Nimewakalisha wanne kwenye meza moja. Msimtafute yeyote kati yao mtaani. Ni sauti ninazozisikia mjini humu, nikazipa viti. Yupo Mpishi, mama mwenye banda la kitimoto Sinza. Yupo Mpangaji, kijana anayeishi peke yake, aliyesoma miaka kadhaa Japani. Yupo Bwana Mifugo, aliyekagua nyama machinjioni mpaka akastaafu. Na yupo Mhasibu, Mwislamu, anayefanya kazi ofisi moja na Mpangaji. Mimi nitaingilia nitakaposhindwa kunyamaza.

MPISHI: Mwanangu, nianze mimi kwa sababu ndiyo kazi iliyonisomeshea watoto. Kitimoto hakina haraka. Mteja anakuja, anaangalia nyama inavyoning'inia, anasema nusu kilo, uniwekee mbavu kidogo, usinijazie mafuta. Naikata, naiosha, naitia kwenye karai na chumvi, ndimu na tangawizi. Inachemka kwa maji yake yenyewe. Maji yakikauka, mafuta yake yanatoka na yanaanza kuikaanga. Hapo ndipo rangi inapokuja, na harufu inafika mpaka barabarani kumvuta mwingine. Hiyo mashine yako inatoa harufu gani?

MPANGAJI: Haitoi, mama, na ndiyo raha yake. Shikamoo kwanza.

MPISHI: Marahaba. Usinibembeleze.

MPANGAJI: Sikubembelezi. Mimi kitimoto chako nakila Jumamosi, na nitaendelea kukila. Nazungumzia Jumanne. Nimetoka kazini, nimesimama kwenye daladala saa nzima, shati limenata mgongoni. Nikifika nyumbani sitaki karai wala moshi. Nataka kitu cha dakika nane, chenye nyama na majani, nile nikiwa nimekaa mbele ya feni. Japani nilikuta watu wanaofikiri hivyo. Agosti ya Tokyo si mchezo, joto linapita 35 na unyevu ni kama wa kwetu. Vyumba vya wanafunzi ni vidogo, jiko lina sehemu moja ya moto. Basi mtu anatandika machipukizi ya choroko kwenye bakuli, juu yake anapanga nyama ya nguruwe iliyokatwa nyembamba kama karatasi nene, anafunika, anaweka wati 600 kwa dakika tano. Ikitoka anamwagia soya sosi yenye maji ya ndimu. Amemaliza. Na wanasema nguruwe anafaa kwa uchovu wa kiangazi kwa sababu ana vitamini B1 nyingi.

MPISHI: Hiyo ni nyama ya kuchemsha, baba.

MPANGAJI: Ya mvuke, mama.

Nawakatiza hapa, maana wote wawili wanasema kweli na wanaweza kubishana mpaka kesho. Maikrowevu haina moto. Ina mawimbi, katika oveni za nyumbani ni ya gigahezi 2.45, yanayoitikisa molekuli ya maji ndani ya chakula mpaka ikatoa joto. Mmarekani Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon iliyokuwa ikitengeneza vifaa vya rada, ndiye aliyeligeuza jambo hilo kuwa jiko mwaka 1945, na oveni za kwanza kuuzwa, za mwaka 1947, zilikuwa na kimo cha kabati la nguo. Tangu siku hiyo tabia ya mashine haijabadilika. Inapasha maji, na maji hayapandi zaidi ya nyuzi 100 bila kugeuka mvuke. Ile rangi ya kahawia anayoisema Mpishi, pamoja na harufu yake, huanza nyama inapokauka juu na kufika kama nyuzi 140. Karai linafika huko bila shida. Maikrowevu haifiki, isipokuwa kwa vipande vyembamba vyenye mafuta mengi, kama bekoni, ambayo ukiilaza katikati ya karatasi za jikoni hutoka kavu na yenye kuvunjika, pengine vizuri kuliko kwenye kikaango.

Kwa hiyo anayeingiza mbavu kwenye maikrowevu akitegemea kitimoto kavu atapata nyama ya rangi ya majivu, ngumu pembeni na yenye damu karibu na mfupa. Atailaumu mashine bure. Kosa ni la aliyeagiza.

MPISHI: Umesikia? Mbavu usiziguse.

MPANGAJI: Mbavu nakuachia wewe.

MPISHI: Na mafuta? Nguruwe akipoa mafuta yanaganda. Unakula nyama imekushika kwenye kaakaa kama mshumaa. Mimi mteja akichelewa kula huwa namrudishia kwenye karai.

MPANGAJI: Nachukua paja, steki tupu, na utepe mdogo tu wa mafuta. Na mafuta kidogo hivyo, mama, yatagandia wapi? Labda kwenye friji.

BWANA MIFUGO: Mmeongea ladha, sasa niwaharibie chakula kidogo. Ninyi mnajua ninachoogopa.

MPISHI: Bwana mifugo, karibu. Leo huna muhuri.

BWANA MIFUGO: Muhuri niliurudisha, macho ninayo. Nguruwe wetu wengi, hasa wa vijijini, wanaachwa wazurure. Wanakula kinyesi cha binadamu mahali pasipo na vyoo, wanapata tegu. Ndani ya nyama vinakaa vifuko vyeupe, vidogo, vingine kama punje ya mchele, vingine kama harage dogo. Mbulu, Mbozi, Mbeya, kote huko watafiti wamekwenda na kuvikuta. Wachuuzi wana njia yao: wanamlaza nguruwe, wanampanua mdomo kwa kijiti, wanamvuta ulimi kwa kitambaa na kupapasa chini yake. Ukigusa kijiuvimbe, bei inaanguka au biashara inakufa. Lakini mwenye vifuko vichache anapita, ulimi hausemi kitu.

MPANGAJI: Na mtu akila nyama hiyo?

BWANA MIFUGO: Akila ikiwa mbichi au nusu mbichi, anapata mnyoo tumboni. Wengi wanachanganya hapa, kwa hiyo sikilizeni. Nyama haikupeleki moja kwa moja kwenye kifafa. Mwenye mnyoo tumboni ndiye anayetoa mayai chooni. Asiponawa mikono, mayai yanaingia kwenye chakula, chake au cha jirani, hata cha mtu ambaye hajawahi kula nguruwe maishani mwake. Mayai hayo ndiyo yanayofanya vifuko kwenye ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo yenye ugonjwa huu, karibu asilimia 30 ya kifafa inatokana nao. Ndiyo maana sichezi na neno "imeiva kidogo".

MHASIBU: Kumbe hata mimi nisiyekula nina hisa katika jambo hili.

BWANA MIFUGO: Unayo, tena kubwa. Sasa karai la mama hapa sina wasiwasi nalo. Nyama inachemka, inakauka, inakaangwa. Mnyoo gani utabaki? Maikrowevu ndiyo yenye vichochoro. Mawimbi yanaingia sentimita mbili au tatu tu kutoka juu, kule katikati ya pande nene joto linakwenda kwa kusukumana polepole. Halafu ndani ya oveni kuna sehemu zinapata mawimbi mengi na nyingine zinapata kidogo, ndiyo maana sahani inazunguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wamarekani walipika nyama ya nguruwe yenye minyoo ya trikinela kwenye maikrowevu makusudi wapime. Vipande vingine vilitoka na minyoo hai, ingawa nyama kwa macho ilionekana tayari. Kanuni yao ya chakula kwa migahawa inadai nyama mbichi ikipikwa kwa maikrowevu ifike nyuzi 74 kila mahali, ifunikwe, igeuzwe au ikorogwe katikati ya mapishi, kisha iachwe imefunikwa dakika mbili baada ya kuzima. Kwa nyama nzima iliyopikwa kwa njia ya kawaida huko huko Marekani, tangu 2011, wananchi wanaambiwa nyuzi 63 na mapumziko ya dakika tatu zinatosha. Tofauti hiyo haikuja bure.

MPANGAJI: Mimi sina kipimajoto cha nyama, daktari.

BWANA MIFUGO: Wengi hamna. Basi ikate nyembamba. Ukiikata nyembamba, hakuna katikati pa kujificha.

Hapa ndipo mjadala mzima ulipo, kwa maoni yangu, na nashangaa jinsi watu wanavyoupita wakikimbilia wati na dakika. Swali la kama maikrowevu inafaa kwa nguruwe linajibiwa na kisu. Wale Wajapani waliomfundisha Mpangaji hawakuwa na mashine bora kuliko za Kariakoo; walikuwa na duka linalouza nyama iliyokatwa milimita mbili kwa mashine. Sisi bucha zetu zinakata kwa panga na shoka, vipande vya kitimoto, vya ukubwa wa kiberiti na zaidi. Vipande hivyo vimetengenezewa karai. Ukivipeleka kwenye maikrowevu umebeba mzigo wa jiko jingine.

Nikamwomba Mpangaji aeleze anavyofanya, hatua kwa hatua, na wengine wamkosoe.

MPANGAJI: Nanunua gramu 300 za paja, bila mfupa, bila ngozi. Naiweka kwenye friza kama saa moja hivi, si mpaka iwe jiwe, iwe ngumu tu kama sabuni ya mche. Ikiwa laini kisu kinaisukuma, ikishikana kisu kinapita. Nakata kwa kukatiza nyuzi za nyama, vipande vya milimita tatu au nne.

MPISHI: Kisu gani?

MPANGAJI: Kirefu, nimekinoa.

MPISHI: Mkononi mwako mna kidonda cha juzi, kwa hiyo naamini kimenoleka. Endelea.

MPANGAJI: Nachanganya na ndimu nusu, tangawizi ya kusaga, kitunguu saumu, kijiko cha soya sosi na kijiko cha unga wa mahindi laini au wanga, kidogo tu, unasaidia nyama isikauke. Naacha dakika kumi nikioga. Kwenye sahani ya kioo natandika kabichi iliyokatwa nyembamba, kama ya kachumbari, au chainizi. Juu yake napanga nyama pembeni kwa duara, katikati naacha wazi, kwa sababu katikati ya sahani ndiyo inayochelewa.

BWANA MIFUGO: Hapo umenifurahisha.

MPANGAJI: Nafunika. Zamani nilifunika kwa plastiki, siku hizi nachukua jani la mgomba, nalipitisha kwenye maji ya moto lilainike, nafunika nalo na kubana pembeni. Jani linashika mvuke na linaipa nyama harufu yake. Oveni yangu ni ya wati 800. Dakika nne, nafungua, nageuza kila kipande, cha nje kinaingia ndani. Dakika tatu nyingine. Kisha naiacha humo humo imefunikwa dakika tatu kabla ya kufungua.

BWANA MIFUGO: Mwenye oveni ya wati 600 asifuate dakika zako. Na nyama iliyotoka friza ikiwa bado na barafu isiingie. Barafu hainywi mawimbi kama maji, kwa hiyo sehemu moja itachemka na jirani yake itabaki imeganda. Iache iyeyuke yote kwanza, ndani ya friji, si juu ya meza.

MPISHI: Jani la mgomba ni jambo la maana. Baganda wana luwombo, wanafunga kuku au nyama kwenye jani na kuiweka kwenye mvuke mpaka inalegea. Hakuna anayewaambia hawajui kupika. Ila chumvi hukuitaja.

MPANGAJI: Soya sosi ina chumvi.

MPISHI: Haitoshi kwa kabichi. Kabichi inatoa maji, inaipooza nyama. Nyunyiza chumvi kwenye kabichi kabla, ikamue kidogo. Na juu yake usiweke soya sosi tena, weka ukwaju. Loweka ukwaju, ukamue, tia pilipili mbuzi iliyokatwakatwa na sukari ndogo sana. Nyama isiyo na moto inataka kitu kikali cha kuiamsha.

Nimejaribu kwa ukwaju wa Mpishi, na nampa haki yake. Nyama ya mvuke ni laini lakini ni pole. Ndimu peke yake inaipa uchachu wa juujuu, wakati ukwaju una uzito na unashikamana nayo. Na nyama hii hailiwi ikitoka jikoni ikifuka. Iache ipoe mpaka uweze kuigusa, ichanganye na nyanya, kitunguu maji kilichooshwa kwa chumvi na tango, na hapo ndipo utaona kwa nini watu wa nchi zenye kiangazi kikali wanaipenda. Kwa ugali haifai sana, inateleza. Kwa wali wa jana uliopoa, au viazi vya kuchemsha, inakaa.

BWANA MIFUGO: Ipoe, lakini isilale mezani. Joto likivuka 32, chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa moja. Msimu mwingine huruhusiwa saa mbili. Hapa Dar kuanzia Desemba mpaka Machi, hesabuni saa moja.

MPISHI: Sasa nikuulize na mimi. Watu wananunua kwangu, wanafungiwa, wanakwenda nacho nyumbani. Kesho yake wanakipasha kwenye hizo mashine na kuja kunilalamikia kimekuwa kigumu kama ndala.

MPANGAJI: Wanakipasha bila maji na kwa nguvu zote. Kitimoto chako tayari hakina maji, umeyakausha mwenyewe. Mtu anyunyizie kijiko cha maji, afunike, apunguze nguvu mpaka nusu, ageuze katikati.

MPISHI: Na foili? Mimi nafunga kwa foili.

MPANGAJI: Foili itolewe, mama! Ile ni metali, inapiga cheche. Na chakula kihamishwe kwenye kioo au udongo. Hizi sahani za melamini tunazopewa harusini zinapata moto zenyewe kuliko chakula, hazifai humo.

MPISHI: Basi nitawaambia wateja. Wengine wanaingiza foili na yote.

MHASIBU: Naomba niseme na mimi, nimenyamaza vya kutosha. Wengine wananiona kama mtu aliyekuja kwenye harusi isiyo yake.

MPANGAJI: Karibu, ostadhi.

MHASIBU: Ahsante. Mimi siingilii sahani ya mtu. Mama hapa jirani yetu, watoto wetu wamecheza pamoja, Idi analetewa pilau, Krismasi tunaletewa soda na maandazi, na hajawahi hata siku moja kutuchanganyia. Tatizo langu ni ile maikrowevu ya ofisini. Tumeichangia watu kumi na moja. Mdogo wangu hapa mwezi uliopita kaja na bakuli lake, kalipasha, kaondoka. Nafungua niweke mihogo yangu, naona matone ya mafuta kwenye dari ya oveni. Nilikula mkate mkavu siku hiyo.

MPANGAJI: Nilifunika, kaka.

MHASIBU: Ulifunika na kifuniko kina tundu. Kisipokuwa na tundu kinapasuka, wewe mwenyewe unajua. Mvuke unatoka, unabeba mafuta, unagonga dari, unadondoka kwenye chakula cha anayefuata. Kwetu si suala la kinyaa tu. Wengi wa pwani tunafuata madhehebu ya Shafi, na mafundisho tuliyolelewa nayo kuhusu chombo kilichoguswa na nguruwe ni kukiosha mara 7, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Sufuria naweza. Sasa niambie, maikrowevu naipakaje udongo? Nikiimwagia maji mara saba fundi atanizika nayo.

BWANA MIFUGO: Ostadhi, hapo huna mpinzani.

MHASIBU: Na si mimi tu. Dada wa mapokezi ni Msabato, naye haigusi nyama hiyo. Amenyamaza kwa sababu ni mgeni kazini.

MPANGAJI: Mimi nilidhani ukishafuta kwa kitambaa na sabuni yamekwisha. Kwa afya yamekwisha.

MHASIBU: Kwa afya, sawa. Kwa nafsi yangu bado.

Naweka uzito wangu upande wa Mhasibu bila kusitasita. Kuna watu husema mvuke hauna dini, na hudhani wamemaliza hoja. Jiko la moto lina ukarimu mmoja ambao maikrowevu haina: chakula kinakaa ndani ya sufuria ya mwenyewe na moto uko nje, kwa hiyo watu kumi wanaweza kupokezana jiko moja bila sufuria zao kukutana. Maikrowevu ni chumba. Unakiingiza chakula chako humo, kinapumua humo, na anayefuata anaingia kabla hewa haijatoka. Aliyekulia nyumba ya kupanga yenye wapangaji sita anajua kwamba wanaogombana wakati wa kuhama ni wale waliochangia chumba. Kwa hiyo haraka na wepesi wote tuliousifu hapa ni wa nyumbani kwako, kwenye oveni yako. Ofisini, mabwenini na kwenye majiko ya kuchangia, nyama hii ibaki nje, au iwe na oveni yake ndogo kwenye meza yake.

MPANGAJI: Nakubali. Kazini nitabeba samaki.

MHASIBU: Samaki nao tutazungumza siku nyingine, kwa harufu ile.

MPISHI: Mimi nabaki na swali la mkaa. Maana najua mnanizunguka. Nasikia serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Sasa na mimi niweke maikrowevu bandani? Wateja arobaini Jumamosi, kila mmoja dakika nane?

MPANGAJI: Hapana, mama. Wewe gesi ndiyo saizi yako. Karai lako kwenye gesi linakaanga vilevile, na wewe mwenyewe ndiye unayevuta moshi mchana kutwa kwenye joto hili. Maikrowevu ni ya mtu mmoja au wawili. Ukiweka kilo mbili, dakika zinazidi na faida inapotea. Kwangu mimi, oveni yangu inavuta kama wati 1,200 na kidogo, kwa dakika saba au nane sifikishi hata robo ya yuniti. Yuniti moja nyumbani haijafika shilingi 400. Piga hesabu, mlo wangu umepikwa kwa chini ya shilingi 100.

MPISHI: Yuniti za LUKU zikiisha?

MPANGAJI: Nakuja kwako.

MPISHI: Umeme ukikatika?

MPANGAJI: Nakuja kwako pia.

BWANA MIFUGO: Umeona, mama, biashara yako haifi.

MPISHI: Haifi, najua. Watu hawaji kwangu kwa sababu ya njaa tu. Wanakaa, wanasubiri nusu saa, wanazungumza mpira, wanagombana, wanapatana, nyama inafika. Hakuna anayemwalika rafiki kuja kuangalia sahani ikizunguka ndani ya kioo. Lakini hilo la Jumanne nimelielewa. Hata mimi Jumanne nikirudi nyumbani sitaki kuona karai.

MPANGAJI: Sasa nina ombi. Shida yangu kubwa ni kukata. Friza yangu ndogo, inachukua muda, na kisu kimenikata kama ulivyoona. Wewe una friza kubwa na mkono wa kazi. Ungeniwekea paja, likashikana kidogo, ukanikatia nyembamba, gramu 300 kwa kila mfuko?

MPISHI: Nyembamba kiasi gani?

MPANGAJI: Milimita tatu.

MPISHI: Mimi sipimi kwa rula. Njoo siku ya kwanza tukate pamoja, unionyeshe, nikishaona mara moja imetosha. Njoo saa tatu asubuhi, kabla wateja hawajaanza, na uje na kisu chako hicho kikali, changu cha panga hakitaki mambo ya karatasi. Uwe na vyombo vyako vyenye vifuniko. Na bei ni ile ile ya kilo, steki tupu. Sitoi punguzo kwa mtu aliyekataa mkaa wangu.

BWANA MIFUGO: Na mimi niwekee kilo moja. Ila uniachie nami niione kabla hujaikata.